Blanketi la Watu Wanne

Jumamosi iliyopita kijana wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, akitazama kwa simu mbio za magari za Knoxville, mji ulio mwendo usiofika hata saa moja kutoka hapa kwetu Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, na bila kuinua macho akaniuliza: "Baba, siku ile tulipokwenda, nani aliniziba masikio?" Nilimjibu kwamba ni mimi. Baadaye, nikiosha vyombo, nikaanza kulitilia shaka jibu langu.

Alikuwa na miaka sita. Mzee mmoja wa zamu yetu ya usiku kazini ndiye aliyetualika, na tangu mchana alikuwa ametandika blanketi jukwaani kushika nafasi za watu wanne, ingawa tulikuwa watatu. Nafasi ya nne, alisema, ilikuwa ya mwanawe, ambaye siku hizo alikwisha kuacha kuja. Yeye mwenyewe aliletwa hapo na baba yake, wakati mashindano makubwa ya Agosti, yaliyoanza mwaka 1961, yalipokuwa bado machanga.

Nakiri kwamba nilikwenda kwa adabu tu. Mimi nimekulia Kenya, nikisimama kando ya barabara kusubiri Safari Rally ipite. Kwangu gari la mbio lilikuwa lile linalokuja na vumbi lake, likapita mara moja, likaenda zake. Magari ya kuzunguka uwanja wa udongo wa nusu maili, yakirudi palepale kila baada ya sekunde chache, yangenionyesha nini?

Kisha yakaanza kuwashwa. Magari yale hayana stata wala klachi, kwa hiyo kila moja lilisukumwa na pikapu kutoka nyuma, na kwa muda hapakuwa na sauti ila ya matairi yakisaga udongo mweusi uliomwagiwa maji. Likakohoa moja, likafuata la pili, kisha harufu ya methanoli, mafuta ya magari yale, ikatuchoma macho, na magari zaidi ya ishirini yenye mabawa mapana juu, kila moja likiwa na nguvu za farasi zipatazo 900, yakaingia kona ya kwanza kiubavu, magurudumu ya mbele yakitazama kulia huku gari likikata kushoto. Sauti ile sikuisikia kwa masikio, niliisikia mbavuni. Mabonge ya udongo yakaruka uzio yakaangukia chipsi zetu, na majirani, waliojua, walikuwa wamekwisha kufunika vikombe vyao kwa viganja.

Mengine yalipita upesi: nani alishinda sikumbuki. Baada ya mbio tulishuka kuyaona magari, na mzee akanieleza kwamba injini moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na kwamba wengi wa wale vijana Jumatatu wangerudi kazini kama sisi. Uwanja wa I-80 Speedway, kule Nebraska, ulipofungwa mwaka 2022, alinipa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nilimpa pole, na Jumamosi zikaendelea kupita bila mimi kurudi Knoxville, kwa kuwa simu inaonyesha kila kitu, tena bila tope.

Nilizima bomba, nikarudi sebuleni kusahihisha. Nilimwambia kwamba mikono yangu miwili, nikikumbuka vizuri, ilikuwa juu ya masikio yangu mwenyewe, na kwamba aliyemziba ni yule mzee, aliyekuwa amesogea hadi ile nafasi ya nne.

"Yeye je, alijiziba na nini?" akauliza, macho yakiwa bado kwenye simu.