Akaamuru apewe chakula

Somo: Marko 5:35–43

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari ya binti Yairo nimeihubiri mara tatu, na mara zote nimeishia pale Yesu anapomfufua kwa kusema "Talitha, kumi", yaani "Msichana, inuka". Watu wanasema amina, tunaimba, tunatawanyika. Mstari wa 43 sikuwahi kuugusa: Yesu akaamuru apewe chakula.

Nilikuja kuuona Haydom, kule Mbulu, nilipokwenda kumuuguza mtoto wa dada yangu. Hospitali ile ya Kilutheri ilianzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na wanafunzi wa uuguzi kutoka Norwei huja kufanya mafunzo ya vitendo. Nakiri, nilipowaona wodini nilijisemea: hawa nao wamefuata picha.

Kitanda cha pili alilazwa mtoto wa Kidatoga mwenye utapiamlo mkali, miguu imevimba, nywele zimepauka. Mtoto wa hivyo hashindiliwi chakula. Ukimjaza ghafla, moyo waweza kushindwa. Huanzishiwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75, kalori 75 tu kwa mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Akilala na njaa, sukari hushuka, na asubuhi pengine hamumkuti.

Usiku ule kikombe alikishika binti mmoja wa Norwei, muuguzi wa zamu akimwangalia. Kiswahili chake kilikuwa "pole" na "kidogo tu". Bibi wa mtoto naye alijua Kidatoga, basi. Wakawa wanaelewana kwa kikombe. Saa nne, saa sita, saa nane. Kikombe kinagusa mdomo wa chini, mtoto analamba, anapumzika, analamba tena. Akitapika, binti anafuta, anaandika kwenye chati, anaanza upya. Hakuna aliyesema amina.

Yesu angeweza kumshibisha yule msichana palepale alipomwinua. Hakufanya hivyo. Chakula aliwaachia waliokuwa chumbani: baba, mama, na wanafunzi watatu, Petro, Yakobo na Yohana. Marko hasemi nani aliingia jikoni. (Sidhani kama ni Petro.)

Saa kumi alfajiri bibi alinyoosha mkono, akaomba kikombe. Binti akampa, akamshikia taa ya simu. Kikagusa mdomo wa chini. Mtoto akalamba.