Siku moja maishani mwangu: Subaru iliyolala tambarare

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nimeshafika gerejini Ndeeba, hata muuza roleksi, ile chapati ya mayai, hajawasha jiko. Leo ilibidi. Kuna Subaru WRX imelala hapa, inalalamikiwa kutoa moshi ikiwashwa asubuhi, na moshi huo unauona mara moja tu, injini ikiwa baridi. Mtu akishaliwasha akalisogeza hata hatua mbili, subiri tena kesho.

Mwenyewe ni mzee wa Goma anayefanya biashara hapa Kampala. Gereji moja ilimwambia ringi zimekwisha, zile pete za pistoni zinazozuia oili isiingie kwenye silinda, anunue injini nyingine. Jana alipolileta sikugusa spana, nilimuuliza kwanza gari linalala wapi. Makindye, akasema, uani kwake kwenye mteremko, ubavu wa kushoto ukiwa chini. Nikamwomba aliache lilale kwangu, kwenye sakafu tambarare.

Injini ya Subaru, kama ile ya Porsche 911, imelala: pistoni zinakwenda kulia na kushoto, si juu na chini. Ukizima, oili haishuki yote. Gari likiinamia ubavu mmoja usiku kucha, oili hukusanyika huko chini na kupenya kwenye ringi taratibu. Asubuhi ukiwasha, inaungua.

Kijana wangu akawasha. Mimi nimechuchumaa nyuma, nimeshika kipande cha boksi jeupe mbele ya ekzosi. Ukatoka mvuke mweupe, mwepesi, ukapotea kabla ya kufika ukutani. Boksi lilipata matone ya maji na masizi kidogo. Nikanusa: si oili iliyoungua, wala si ule utamu wa maji ya radieta yanayovuja ndani. Na kwenye video aliyonitumia mzee juzi, wingu la buluu lilikuwa limefunika geti zima! Injini ni ileile, kilichobadilika ni mahali ilipolala.

Saa tatu, injini ikiwa bado na moto, tukafungua plagi. Kwenye gari hili ziko ubavuni, mkono unaingia kwa kubembeleza. Za silinda 1 na 3, upande wa kulia, zilikuwa kavu, rangi ya kahawia. Za 2 na 4, upande wa kushoto, zilikuwa nyeusi, na masizi yake yanateleza vidoleni. Tukapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda: 128, 126, 127, 124. Kitabu kinataka zaidi, lakini Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, geji lazima isome chini. Ninachotazama ni tofauti kati ya silinda, na hapa ni ndogo sana. Kijana akataka kumimina oili kidogo ndani ya silinda apime tena, kama alivyozoea kwenye injini za Toyota. Nikamzuia. Pistoni ikilala, oili hukaa upande wa chini tu, haizungushi ringi yote, na jibu litakalotoka litakudanganya.

Kwa hiyo ringi ni nzima. Inaniuma kwamba mzee alikuwa ameshaanza kutafuta pesa za injini.

Saa sita nikachomoa kijiti cha oili: imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Aliyeibadilisha mara ya mwisho aliijaza mno. Tukaipunguza. Kisha nikatoa valvu ya kupumulia injini, ile mafundi wanayoiita PCV, nikaitikisa sikioni. Kimya. Iliyo nzima huchezacheza ndani, unaisikia. Nikapanda boda hadi Kisekka, kwenye soko la vipuri, nikatikisa tatu mezani kwa muuzaji mpaka nikapata inayolia vizuri.

Mchana uliobaki ulikwenda kwenye breki za Noah.

Saa kumi na mbili jioni nikalipeleka gari Makindye na kuliegesha palepale kwenye mteremko, ubavu wa kushoto chini, makusudi. Mzee akauliza, "Fundi, imepona?"

"Injini usinunue, mzee. Pumzi ndogo ya moshi mara mojamoja ni tabia ya injini hizi, ila wingu lile hapana. Kesho nitakujibu."

Nikamwomba asiguse ufunguo mpaka nifike. Kipande changu cha boksi jeupe nimekiacha getini.