Karaginani ya spinosamu: kuitoa kwenye mwani bila kuivunja

Dawa nyingi za baharini hupatikana kwa uchache unaokatisha tamaa. Trabectedin, dawa ya saratani iliyotokana na mnyama mdogo wa Karibi aitwaye Ecteinascidia turbinata, ilihitaji takriban tani nzima ya wanyama hao kwa gramu moja tu, ndiyo maana leo hutengenezwa kiwandani. Mwani ni habari nyingine. Spinosamu, aina ya mwani inayoanikwa Paje na Jambiani kule Zanzibar, au Kibuyuni upande wa Kenya, ikisafishwa na kukaushwa, karibu theluthi ya uzito wake ni karaginani, ute wake wa kugandisha. Kuipata si kazi. Kazi ni kuitoa ikiwa nzima, kwa sababu huharibika upesi na jicho halioni.

Karaginani ni mnyororo mrefu wa sukari ya galaktozi uliobeba salfeti zenye chaji hasi. Kotonii, aina nyingine ya mwani (Kappaphycus alvarezii), hutoa aina ya kapa, yenye salfeti moja kwa kila sukari mbili. Spinosamu (Eucheuma denticulatum) hutoa iota, yenye salfeti mbili kwa kila sukari mbili. Nguvu ya kitiba ya iota iko hapo: kirusi cha mafua kinachotafuta pa kujishikiza kwenye utando wa pua hunaswa na mnyororo huo kabla hakijaifikia seli. Ni mtego, si sumu. Mtego huo unahitaji mambo mawili, mnyororo mrefu na salfeti zake, na kila hatua ya kuutoa inaweza kuuharibu.

Uharibifu huanzia ufukweni. Mwani ukivunwa kabla ya wiki sita hutoa karaginani kidogo na dhaifu. Suuza kwa maji ya bahari, anika juu ya chanja, si mchangani, siku mbili hadi tatu za jua. Mvua ikija, funika mara moja, maana maji ya mvua huondoka na chumvi pamoja na sehemu ya karaginani, na mwani hubaki mweupe na mlegevu. Wanunuzi wengine huupenda weupe huo wakidhani ni usafi. Mimi ningeukataa. Kilo saba au nane za mwani mbichi hubaki kama kilo moja. Uliokauka sawasawa ni mgumu kama raba, una chembe za chumvi juu, na ukiubana hauachi unyevu kiganjani. Unyevu ukizidi asilimia 40, gunia hupata joto kwa ndani na minyororo huanza kukatika ghalani.

Kwa mpiko mdogo wa majaribio, pima gramu 100 za mwani uliokwisha kusuuzwa kwa maji baridi mara tatu, haraka haraka, kisha ukakaushwa tena. Usiuloweke kwenye maji ya vuguvugu: iota hulainika na kuanza kuondoka na maji ya kusuuzia. Kata vipande vya sentimita mbili, tia kwenye sufuria ya chuma cha pua pamoja na lita 4 za maji. Maji ya visima vya pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu ndiyo inayoigandisha iota. Ukiyatumia, rojo litakuwa zito na halitapita kwenye kitambaa. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa zaidi.

Ongeza sodiamu kaboneti safi kidogo kidogo mpaka karatasi ya kupimia tindikali na alkali isome pH 9 hadi 10. Kwa hapa, magadi ya sokoni tusiyaguse: mengi ya Afrika Mashariki yana floridi nyingi. Alkali hulinda mnyororo usikatwe na joto, na kwa kiasi fulani hung'oa salfeti moja iliyokaa mahali panapoupinda mnyororo. Weka joto nyuzi 90 hadi 95 kwa saa mbili, ukikoroga kwa mwiko na kujazia maji yanayopungua. Pima pH kila nusu saa, kwa sababu hushuka yenyewe. Sufuria ikitokota kwa fujo, chini huungua na rojo hupata rangi ya kahawia isiyotoka.

Chuja likiwa moto. Kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili kinatosha, lakini kitambaa na chombo cha kupokelea vipashwe moto kwanza. Likipoa njiani huziba kitambaa, na ukilikamua kwa nguvu unapitisha nyuzinyuzi ulizotaka kuziacha. Likikwama, lirudishe jikoni.

Kisha shusha pH hadi 8 kwa maji ya asidi ya sitriki, tone kwa tone, rojo likiwa limepungua joto. Hapa ndipo kazi ya siku nzima hupotea. Chini ya pH 4.3, tindikali pamoja na moto hukatakata mnyororo kwa muda mfupi. Wanaopika jeli ya mwani nyumbani na kutia ndimu sufuria ikiwa jikoni wanafanya kosa hilohilo. Ndimu itiwe jeli ikishapoa. Ikiwa imeganda huvumilia tindikali vizuri zaidi.

Kapa hugandishwa kwa chumvi ya potasiamu na kukamuliwa maji. Iota haikubali njia hiyo, huhitaji alkoholi. Andaa isopropanoli mara mbili ya ujazo wa rojo, halafu mimina rojo ndani ya alkoholi kwa mkondo mwembamba huku ukikoroga. Ukifanya kinyume utapata bonge lenye maji katikati. Ukimimina vizuri, mara tu rojo linapogusa alkoholi hutokea nyuzi nyeupe kama tambi zilizoiva, zikielea na kujisokota kwenye mwiko. Zitoe, zikamue, zilaze saa moja kwenye alkoholi mpya, zikamue tena, kisha uzikaushe juu ya wavu wa nailoni kwa joto lisilozidi nyuzi 60. Gramu 25 hadi 35 ni mavuno mazuri. Jiko la mkaa lisiwe karibu hata kidogo: mvuke wa isopropanoli hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba.

Unga ukishapatikana, upime. Yeyusha gramu 2 kwenye mililita 100 za maji ya moto, gawa glasi mbili, moja itie chembe za kalsiamu kloridi, nyingine potasiamu kloridi. Iota safi kwenye kalsiamu huganda laini, inatikisika, na ukiikoroga kisha ukaiacha itulie hujishika tena. Glasi ya potasiamu ikitoa donge gumu linalovunjika kwa ufa, kotonii ilichanganyika kwenye gunia. Tone la ayodini likigeuka bluu, kuna aliyeongeza wanga.

Vipimo hivyo havionyeshi urefu wa mnyororo. Urefu huonekana kwenye mnato. Kigezo cha kimataifa cha chakula ni kwamba mmumunyo wa asilimia 1.5, kwenye nyuzi 75, usiwe na mnato ulio chini ya milipaskali-sekunde 5. Umoja wa Ulaya huongeza kwamba vipande vifupi, vyenye uzito wa molekuli ulio chini ya dalton 50,000, visizidi asilimia 5. Karaginani iliyokatwakatwa sana, iitwayo poligenani, hairuhusiwi kwenye chakula kabisa.

Kuhusu tiba, ushahidi upo ila una mipaka. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la watu 35 wenye dalili za mwanzo za mafua. Waliotumia dawa ya kupuliza puani yenye iota walipata dalili chache na virusi vichache kuliko waliopewa maji ya chumvi matupu. Kwa upande mwingine, jeli ya ukeni ya karaginani iitwayo Carraguard ilijaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 6,000, na mwaka 2008 ilitangazwa kwamba ni salama lakini haikuzuia VVU. Maabarani ilikuwa imefanya vizuri. Na tangu 1962 maabara huchoma karaginani chini ya ngozi ya unyayo wa panya ili kuleta uvimbe wa kujaribia dawa. Kwa hiyo anayeuza jeli ya mwani kwa madai kwamba inamaliza kila uvimbe mwilini hana msingi.

Dawa ya puani ya iota huwa na miligramu 1.2 tu kwa mililita. Kwa kipimo hicho, gramu 30 za unga kutoka sufuria ile moja zinatosha lita 25, ila kuifikisha puani kunahitaji chumba kisafi, mchujo wa vijidudu na vyombo ambavyo jikoni havipo.