Nyumbani niyaongee na nani?

Sele kapata uhamisho wa Dodoma, Mwanaisha kajifungua salama, ofisini tumefunga hesabu za mwezi. Mimi bado niko Jumapili usiku, gizani, na yale maneno.

Nilimpeleka Mama sinema, filamu ya Kihindi kama apendavyo. Taa zilipozimwa tu akaanza kusemezana na waigizaji. "Usiende! Huyo kaka yako ana njama!" Mara, "Mwone, eti anacheka!" Kijana wa kiti cha mbele akageuka, kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama. Samahani, hayo si mngeyaongea nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani niyaongee na nani, mwanangu?"

Hakupandisha sauti. Kisha akanyamaza kabisa, mkoba kaupakata, na koo likanikaba. Tangu hapo niko nayo ndani ya daladala, niko nayo nikichambua mchele. Nyumbani niyaongee na nani. Alikuwa anamjibu kijana, au ananiambia mimi? Saa nyingine naisikia kama lawama, saa nyingine kama swali la mtu anayetaka jibu kweli.

Kijana yule angejuaje Mama kakulia sinema ya namna gani? Kwao Unguja ilikuwa Majestic, pale Vuga, iliyojengwa baada ya sinema ya zamani ya pale kuungua miaka ya hamsini. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao: mabuibui safu kwa safu, watoto mapajani, ukumbi mzima ukiimba nyimbo za Kihindi na Kihindi chenyewe hawakijui. Muovu alionywa, alitukanwa, alilaaniwa na wote. Alipoolewa akaja Dar, Baba akawa anampeleka draivini kule Msasani, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, spika imetundikwa kwenye kioo cha gari, na gari la jirani nao wanapiga kelele zao. Draivini ile ilifunguliwa 1966. Leo pale pana ubalozi wa Marekani, na Mama tukipita hunionyesha geti lilipokuwa.

King'amuzi anacho, filamu kwenye simu nimemjazia. Haziangalii, husinzia. Filamu anaitaka na watu wa kushtuka naye, na watu hao hawapakuliwi kwenye simu. Ndiyo maana nauli na tiketi sitaacha kulipa.

Maana baada ya mapumziko, yule kaka alipomsainisha mama yake karatasi za nyumba, ukumbi mzima uliguna. Mzee mmoja nyuma akasema, "Laa!" Na kijana wetu, yuleyule, akaropoka kwa sauti, "Mshenzi huyu!" Halafu akageuka taratibu. "Mama, ulisema."

"Si nilikwambia? Na bado!"

Akamsogezea mfuko wa bisi, kijana akachota. Kuanzia hapo waliongea wao wawili mpaka mwisho, na hakuna aliyewanyamazisha. Nilicheka hadi machozi. Tukirudi, Mama alinisimulia filamu yote upya mpaka Mwenge, kama vile mimi sikuwepo, na kila akifika pale kwenye karatasi ananipiga kofi la paja.

Amekwishaniuliza Jumapili ijayo kuna nini. Jumapili ijayo nilitaka iwe ya bati la chumba chake, linavuja juu ya kabati la nguo na masika yanaingia. Fundi kachukua nusu ya hela tangu wiki iliyopita, simu inaita tu.