Bili ya Babu Kombo

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Sunderland, kaskazini ya Uingereza, bili ya umeme ilikuwa ikija kwa jina la babu. Babu Kombo, mvuvi wa Pemba, aliondoka duniani kabla mimi sijaanza shule, na nyumbani kwake taa ilikuwa ya chemni mpaka siku ya mwisho. Leo Waingereza wanamdai pauni 38, na wanamwonya kuwa asipolipa mapema atakatiwa.

Chanzo kilikuwa fomu. Sisi kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba, la babu. Fomu ya kule inataka jina la ukoo, na inajua kuwa jina la ukoo hukaa mwisho. Basi baba akafutwa kwa kalamu ya karani, mimi nikawa Mista Kombo. Darasani Mista Kombo, benki Mista Kombo. Nikiitwa, nilikuwa nachelewa kuitika, nikihisi kama mzee ameitwa nami nimeingilia.

Chumba cha jirani alikaa kijana wa Alabama ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Washington. Fomu hazikumsumbua, ila kila akijitambulisha watu walitabasamu kidogo, kama waliosikia mzaha. Siku moja, jikoni, aligundua kwamba basi la kwenda Washington lilikuwa likipita karibu kabisa na mtaa wetu. Akaniangalia na kijiko mkononi. "Kaka, kijiji changu kiko dakika chache kutoka hapa na wewe hukuniambia?"

Tukaenda Jumapili moja ya Mei 2012. Njiani unaliona jengo la Penshaw juu ya kilima, limejengwa mithili ya hekalu la Wagiriki, limegeuka jeusi kwa moshi wa makaa ya mawe. Mji wenyewe wa Washington ulitupoteza. Mwaka 1964 serikali iliuteua uwe mji mpya, na mitaa yake ikapewa namba, hivyo ukiuliza njia unaambiwa wilaya ya nne, wilaya ya saba, na wewe hujui hata umesimama ya ngapi. Tulizunguka mizunguko ya barabara mpaka tukafika kwenye kijiji cha zamani, na kando ya kanisa, nyumba ya mawe waiitayo Old Hall.

Mlangoni alikuwapo mama mzee anayejitolea, na alikuwa na habari zote. Nyumba tuliyoiona ilikuwa ya karne ya 17, ila ndani yake yamesalia matao ya mawe ya nyumba ya kale zaidi. Baadaye ilishuka hadhi ikawa vyumba vya wapangaji, familia juu ya familia, na miaka ya 1930 nusura ibomolewe, mpaka mwalimu mmoja wa shule na wenyeji wenzake walipoikingia kifua. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alikuja kijijini hapo akapanda mti.

Lakini kilichonishika ni habari ya William. Karne ya 12 palikuwa na bwana mmoja akiitwa William de Hertburn, yaani William wa Hertburn, kwa sababu shamba lake lilikuwa huko. Mnamo 1183 hivi akabadilishana ardhi na askofu wa Durham, akapewa Wessyngton. Akahama, na jina akalibadili: William de Wessyngton. Wakati ule jina la namna hiyo halikuwa la ukoo bado, lilikuwa anwani. Mwenzangu alicheka hadi mama yule akageuka. Hertburn, ukilitamka kwa Kiingereza, linasikika kama kiungulia. "Bila mabadilishano hayo," akasema, "rais wetu angekuwa anakaa mji wa Kiungulia, na mimi pia ningekuwa Kiungulia."

Na hicho kijiji nacho kilipata wapi jina? Kutoka kwa mtu. Ni Kiingereza cha kale, maana yake ni kama makazi ya watu wa Hwæsa. Mzee Hwæsa huyo hakuna ajuaye sura yake.

Vizazi vya William vilitawanyika. Tawi moja likajenga nyumba Sulgrave, Northamptonshire, karne ya 16. Miaka ya 1650 John Washington akavuka bahari hadi Virginia, naye ndiye baba wa babu yake George, rais wa kwanza. George alifariki 1799 bila kuzaa mtoto hata mmoja.

Tukakaa kwenye benchi bustanini, mvua ikinyunya. Mwenzangu akaniambia kwamba katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000 walihesabiwa akina Washington 163,036, na asilimia 90 walikuwa weusi. Mimi nikadhani jibu ni jepesi: watumwa wa George. Akatikisa kichwa. Shambani kwa George, Mount Vernon, waliishi zaidi ya watumwa 300, lakini wengi wao walikuwa na majina mengine ya ukoo. Wengi waliolichukua jina hili walilichagua wenyewe, uhuru ulipofika.

Akanipa mfano wa Booker T. Washington, aliyeanzisha shule ya Tuskegee huko Alabama mwaka 1881. Alizaliwa utumwani, akijulikana kwa Booker tu. Siku ya kwanza ya shule akasikia wenzake wanaitwa kwa majina mawili mawili. Zamu yake ilipofika, akamjibu mwalimu bila kusita: Booker Washington. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Washington lilikuwa jina lake la kwanza.

"Ngoja," nikamwambia. "Huyo mtoto alilitaja jina lake, kisha la baba?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ni Mpemba."

Ilibidi nimweleze, na maelezo yakatufikisha kwa babu. Kwetu husimuliwa kuwa aliitwa Kombo kwa sababu ndugu zake waliomtangulia walikufa wote wachanga. Akapewa jina lisilo na thamani, makombo, ili mauti yasimtamani. Akaishi zaidi ya miaka 80.

Wakati wa kutoka, mama mzee akatuwekea daftari la wageni. Mwenzangu akaandika Washington. Mama akamgusa mkono kwa upole. "Hapa ni jina, kipenzi. Mji unakotoka unaandika pale."

"Ni jina," akasema.

Mama akamtazama, akaona haya kidogo, akacheka. Mwenzangu akaandika Alabama mahali pake, akanipa kalamu. Nami nikaandika Kombo, na mbele yake Pemba.

Safari hii mama alitaka kuwa na uhakika. "Kombo," akauliza, "nacho ni kijiji?"

"Hapana," nikamjibu. "Ni babu yangu."