DSLR (ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) au kamera ya mfukoni?

Jioni hii: chumba kimoja, taa moja, kamera mbili, zote ISO 1600 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga).

Ile ndogo ilipojaribu kufuta chenga (zile punje punje za picha ya mwanga hafifu), ikafuta na nywele za mtu pichani. Zimegandana kama rangi iliyopakwa kwa kidole!

Tatizo ni sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ya kamera ndogo nyingi ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, ya DSLR ya kawaida, 24 kwa 16. Eneo mara 13 hivi. Megapikseli hazizibi pengo hilo, msidanganywe na namba za kwenye boksi.

Mchana, ya mfukoni inatosha kabisa.

Usiku, au mtoto anayekimbia? DSLR, na lenzi ya milimita 50 f/1.8 (inafunguka sana, inaingiza mwanga mwingi) kabla ya mbwembwe nyingine.

Nyie mnabeba ipi, na kwa kazi gani?