Tulivyozuia maji ya masika kupita chini ya mlango wa mbele

Kwa masika matatu mfululizo nililala sikio likiwa sebuleni. Tunakaa Rau, Moshi, na mvua za Aprili huku kwetu hupenda kunyesha usiku. Nikisikia bati limeanza kuunguruma, najua nina kama robo saa kabla maji hayajaanza kupenya chini ya mlango wa mbele. Naamka, nakunja zulia, nabana mataulo mawili chakavu mlangoni, nasogeza beseni na dekio, kisha nakaa kwenye kochi kusubiri ikatike. Tunaishi na mama mkwe, na mlango wa chumba chake unatokea hapo hapo sebuleni. Usiku mmoja mwaka 2023 aliamka kwenda msalani akateleza. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila nyonga ilivimba na wiki mbili nzima alitembea kwa kushika ukuta. Asubuhi ile nilimwambia mume wangu kwamba mataulo basi, tutafute haya maji yanapita wapi.

Maana kuziba nilikuwa nimeshaziba sana. Nilianza na ule mpira wenye brashi unaopigiliwa chini ya mlango. Kwa vumbi na mende unafaa, maji unayachelewesha tu. Mwaka uliofuata nikapaka silikoni kwenye kizingiti kwa nje, halafu nikapigilia kipande cha tyubu ya gari kuanzia upande mmoja wa mlango hadi wa pili. Hiyo tyubu ndiyo iliyonitia hasara. Maji yaliingia nyuma yake yakakosa pa kutokea, yakakaa humo siku baada ya siku. Ubao wa chini wa mlango, mninga mzuri kabisa, ukawa mweusi na laini kiasi kwamba ukiuchoma kwa ncha ya kisu inazama.

Jaribio tulilifanya Julai, mvua zikiwa zimeisha. Mume wangu alikaa nje na ndoo na kopo, mimi nikalala kifudifudi ndani, tochi mkononi, uso karibu kabisa na sakafu. Tulikubaliana kuanza chini na kupanda juu, tena kidogo kidogo, maana ukimwagia mlango mzima kwa mpigo utaona maji ndani lakini hutajua yametoka wapi.

Kwanza akamwaga barazani tu, bila kugusa mlango. Baada ya muda maji yakaingia taratibu kwenye kona ya kushoto, upande wa bawaba. Nikakausha. Kisha akamwagia uso wa mlango, usawa wa kitasa, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. Maji yaliteremka vizuri mpaka ukingo wa chini, lakini hayakudondoka. Yaligeuka, yakaambaa chini ya ubao, tone likisukuma tone, yakavuka unene wote wa mlango, sentimita 4, yakafika upande wangu, ndipo yakadondoka. Yalidondokea ndani, inchi moja kutoka puani kwangu, na siku hiyo hapakuwa na upepo hata kidogo. Maji hunata kwenye ubao, na yakipata pa kuambaa yataambaa mpaka yakutane na kitu cha kuyakatiza. Sasa ongeza upepo. Mlango wetu unatazama kusini mashariki, na kuanzia Aprili kusi linaupiga usoni, hili hili linalopeleka mvua nyingi kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro.

Kwa hiyo tulikuwa na njia mbili za maji, wala si moja.

Ile ya barazani ilitokana na marumaru. Tuliyaweka mwishoni mwa 2020, na fundi wa wakati ule hakubomoa sakafu ya zamani, alipandishia juu yake. Zamani ukitoka nje unashuka kama vidole vitatu. Baada ya marumaru baraza na sebule vikawa sawa. Nilichukua gololi ya mwanangu nikaiweka karibu na ngazi. Ilitulia kidogo, kisha ikaanza kubingirika kuja mlangoni. Nilirudia mara nne, na mara zote nne ilikuja mlangoni. Baraza inatakiwa iteremke kwenda nje, walau sentimita 2 kwa kila mita, na yetu ilikuwa imelala kinyume. Nilikaa pale chini nimeishika ile gololi, nikiwaza nyonga ya mama.

Seremala tuliyempata ni mzee wa mtaa wa Majengo. Nilipomwamkia aliitikia huku ameshainama, anaigusa ile tyubu. "Mama, huu mpira tunautoa leo leo," akasema. "Hapa umeyafungia maji ndani."

Mlango aliung'oa akaulaza juu ya meza barazani. Ubao wa chini uliooza aliukata akaweka mninga mpya. Kisha akatengeneza papi, yaani ubao mwembamba, ya kuwekwa nje, chini ya mlango, inayojitokeza kama sentimita 4, na mgongo wake akaupiga randa ukateremka kama paa. Cha maana kuliko vyote kiko chini ya papi hiyo, mahali ambapo mgeni hawezi kukiona: mfereji mwembamba, upana wa penseli, unaokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine karibu na ukingo wa nje. Maji yakigeuka kuambaa kuja ndani, yakifika kwenye mfereji hayawezi kuuruka, yanadondoka hapo hapo. Kazi ya nusu saa kwa patasi. Niliomba niupitishe kidole nikauhisi.

Chini kwenye kizingiti alichimbia bapa ya alumini, kipande kilichobaki kwa mafundi wa madirisha, ikasimama sentimita moja na nusu. Mlango wetu unafungukia ndani, kwa hiyo ukingo wa chini kwa upande wa nje aliukata hatua, mlango ukifungwa bapa inakaa kwenye hiyo hatua, nayo papi inaifunika kwa juu. Kama wako unafungukia nje, mwambie fundi mapema, mpangilio wake ni tofauti.

Kabla ya kurudisha mlango alifanya jambo ambalo tangu siku hiyo naliulizia kila nikiona mlango mpya: alipaka vanishi ukingo wa chini, mikono mitatu. Mafundi wengi wanapaka mlango ukiwa umeshasimama, chini hawafiki, na ncha za mbao zinanyonya maji kama mrija. Pembeni aliacha nafasi ya milimita 3. Mimi nilitaka abane zaidi, akakataa, akasema ni kiangazi, mbao zimekauka, masika zitavimba na mlango utagoma. Alisema kweli.

Kwa baraza hatukuwa na uwezo wa kubomoa yote. Fundi mwashi aling'oa kwa tindo mstari mmoja wa marumaru, ule unaogusa mlango, sentimita 30 upana, pamoja na saruji ya chini yake. Akapata mfereji mpana usio na kina kirefu, akaulaza kuelekea kwenye bustani ya pembeni, akatoboa tundu mwisho wa baraza. Maji bado yanakuja upande wa mlango, lakini yakifika pale yanashuka na kwenda zake. Gharama yote, useremala na uashi, haikufika nusu ya tulichotumia kwa yale marumaru.

Masika ya 2024 yalikuja na El Niño, mafuriko yakapiga sehemu nyingi za nchi. Usiku wa kwanza wa mvua kubwa niliamka kwa mazoea nikafika sebuleni na mataulo mkononi. Niliinama, nikapapasa sakafu kwa kiganja, kona ya kushoto, kona ya kulia, katikati. Pakavu. Nikachungulia dirishani na tochi, nikaona matone yakidondoka chini ya papi, mstari mmoja ulionyooka kama ushanga. Mama akafungua mlango wa chumba chake.

"Yameingia?"

"Hayajaingia, mama."

"Basi kalale, mwanangu."

Kila Februari naondoa majani ya mparachichi kwenye mfereji wa baraza, maana lile tundu likiziba tu maji yanapanda. Vanishi ya chini tunarudia kila miaka miwili, mlango unang'olewa bawaba ndiyo ifikike. Kwenye fremu upande wa kulia, chini kabisa, kuna unyevu kidogo mvua ikipiga siku tatu mfululizo, na nadhani plasta imeachana na mbao. Mlango wa jikoni haujaguswa. Huo unafungukia nje, na mzee wa Majengo ameahidi kuja kuupima Jumamosi.